Maswali ya Wasomaji: Kompyuta na Mswada Wako

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa watu wanaoandika nyumbani na wanaotaka kuchapisha vitabu vyao kwa fedha zao wenyewe. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu tatizo lake nimelikuta kwa watu wengi, na kwa sababu mwenye barua akikosea hatua moja tu anaweza kupoteza kazi ya miaka mitatu.

FOLDA ZOTE ZIMEGEUKA MISHALE

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Morogoro. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika riwaya, na yote imo ndani ya flashi moja. Wiki iliyopita niliipeleka steshenari ili nichapishiwe sura mbili. Niliporudi nyumbani nilikuta kila folda ina mshale mdogo pembeni, na nikibofya hakifunguki kitu ila ujumbe wa Kiingereza nisiouelewa. Kijana mmoja wa jirani ameniambia kuwa flashi imekufa na kwamba niifomati, yaani nifute kila kilichomo. Je, riwaya yangu imepotea?

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Ninakuomba kwanza usiifomati flashi hiyo, wala usihifadhi ndani yake kitu kingine chochote hadi umalize kusoma jibu hili. Kwa dalili ulizozieleza, kuna kila sababu ya kuamini kuwa riwaya yako ipo palepale ulipoiacha, imefichwa tu.

Hicho kilichoingia ni kirusi cha aina inayoenea kwa flashi, na makazi yake makubwa ni kompyuta za pamoja, ambazo kwa siku moja huchomekwa flashi za watu wengi wasiojuana. Kikishaingia, hubadili sifa za mafaili na folda zako ili Windows izichukulie kuwa ni mali ya mfumo na isizionyeshe, kisha mahali pa kila folda kinaweka njia ya mkato yenye jina lilelile, ndiyo hiyo yenye mshale. Mtu anapoibofya akidhani anafungua folda yake, anachofanya ni kukipa kirusi ruhusa ya kuhamia kwenye kompyuta yake. Kwa hiyo usiendelee kubofya mishale hiyo, na kama uliibofya kwenye kompyuta ya nyumbani, ichukulie kompyuta hiyo kuwa nayo imeambukizwa.

Tafuta kompyuta ambayo kinga yake dhidi ya virusi imesasishwa. Windows 10 na Windows 11 huja na kinga yake inayoitwa Defender, isiyolipiwa, na kwa kazi hii inatosha kabisa. Chomeka flashi, iamuru kinga iikague flashi nzima, na uiache ifute kile itakachokitambua kuwa ni kirusi. Baada ya hapo mafaili yako bado hayataonekana, kwa kuwa kinga huondoa kirusi lakini kwa kawaida hairudishi sifa zilizobadilishwa. Angalia flashi imepewa herufi gani na kompyuta. Tuchukulie ni E. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi R, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi litakalofunguka andika amri hii kama ilivyo, pamoja na nafasi zake:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter na usubiri. Herufi h, r na s zenye alama ya kutoa mbele yake zinaiambia Windows iondoe hali ya kufichwa, ya kuzuiwa kuhaririwa na ya kuwa mali ya mfumo. Sehemu zinazofuata zinaitaka iingie katika folda zote. Ukirudi kuifungua flashi utaziona folda zako zikiwa kando ya zile zenye mishale. Aina nyingine za kirusi hiki hukusanya kila kitu ndani ya folda moja isiyo na jina, hivyo ukiiona folda ya namna hiyo usiifute. Ifungue, huenda ndimo ilimo riwaya. Nakili hati zako peke yake, yaani mafaili ya Word na picha, uzipeleke kwenye kompyuta safi. Usinakili faili lolote usilolitambua. Hati zikishafunguka vizuri huko zilikohamia, hapo ndipo ushauri wa kijana wa jirani unapofaa: ifomati flashi.

Ikitokea hati yenyewe inakataa kufunguka kwa sababu imeharibika, bado kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuifungua kutoka ndani ya Word: nenda kwenye orodha ya kufungua mafaili, ichague hati bila kuibofya mara mbili, kisha bofya mshale mdogo ulio kando ya kitufe cha kufungulia na uchague maneno «Open and Repair». Njia ya pili wengi hawaijui. Tangu Word ya mwaka 2007, faili lenye mwisho wa docx kwa hakika ni kifurushi cha zip chenye mafaili madogo ndani yake. Tengeneza nakala ya faili hilo, badilisha mwisho wa jina lake kutoka docx kuwa zip, ulifungue, uingie katika folda iitwayo word, na humo utalikuta faili liitwalo document.xml. Ukilifungua kwa programu yoyote ya maandishi utayaona maneno yako yamezungukwa na alama nyingi za ajabu. Si sura nzuri ya kuitazama, lakini sentensi zako zimo, na zinaweza kuchambuliwa.

Sasa niruhusu niseme jambo ambalo ningelisema hata kama usingeuliza. Flashi ni chombo cha kusafirishia, haikutengenezwa iwe ghala. Huzeeka, hupotea, husahaulika mifukoni, na ukiichomoa huku hati ikiwa bado wazi huweza kuiharibu hati hiyo hata bila kirusi. Mswada wenyewe uandike na uuhifadhi kwenye diski ya kompyuta, kisha uweke nakala rudufu. Kuna kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ambayo ni rahisi kuikumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo iwe nje ya nyumba. Kwako wewe, Mwalimu, nakala moja ikae kwenye kompyuta, ya pili kwenye flashi ambayo haitoki kabatini, na ya tatu kwenye baruapepe yako mwenyewe au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Google hutoa GB 15 bila malipo, zikitumika kwa pamoja na barua na picha, na riwaya ya maneno matupu, hata ikiwa ya kurasa 300, kwa kawaida haifiki MB 2. Gharama ya bando ya kuituma ni ndogo mno ukilinganisha na miaka mitatu ya kazi.

Kila Ijumaa jioni, au siku yoyote utakayoizoea, jitumie nakala mpya yenye tarehe katika jina lake, ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, mfano riwaya-2026-01-16. Kwa mpangilio huo kompyuta itazipanga nakala zako kwa kufuata wakati bila wewe kuhangaika. Usifute za zamani haraka, kwani mara nyingine mwandishi hugundua baada ya miezi miwili kuwa ile sura aliyoiondoa ndiyo iliyokuwa bora.

Ukienda tena steshenari, nunua flashi ndogo ya pili na uweke humo faili la PDF tu, lile unalotaka lichapwe. Hata likiambukizwa au kupotea njiani, hujapoteza kitu.

MISTARI MYEKUNDU NA HERUFI KUBWA ZISIZOTAKIWA

Swali: Ninatunga mashairi hapa Mombasa, na ninaandaa diwani. Word inanichosha. Kila neno la Kiswahili linapigwa mstari mwekundu, kila mshororo unaanza na herufi kubwa hata nisipotaka, na nikiandika «njia i wazi» ile i inageuzwa kuwa kubwa. Pia alama ya ng' inatoka kwa sura tofauti katika kurasa tofauti. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu mtunzi, programu hiyo inadhani unaandika Kiingereza, na ile mistari myekundu inatokana na hilo zaidi ya jambo lingine lolote. Bonyeza Ctrl na A ili kuchagua maandishi yote, kisha bofya jina la lugha lililo kwenye ukanda wa chini kabisa wa dirisha, na uchague Kiswahili. Hata kama kompyuta yako haina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, mistari ya Kiingereza itaondoka na macho yako yatapumzika. Ukitaka kamusi hiyo, programu ya LibreOffice, isiyolipiwa, inayo. Itumie kwa tahadhari. Kitenzi kimoja cha Kiswahili huzaa maumbo mengi mno, na hakuna orodha ya maneno inayoweza kuyabeba yote, kwa hiyo itapiga mstari chini ya «hawakutupatia» lililo sahihi na italipita kimya neno «fua» mahali ulipokusudia «vua», kwa sababu yote mawili ni maneno halali. Anayejua ulichokusudia ni msomaji wa pili wa mswada, si mashine.

Ile i na herufi kubwa za mwanzo wa mishororo hutoka kwenye masahihisho ya papo kwa papo. Dawa ya haraka ni kubonyeza Ctrl na Z mara tu mashine inapobadilisha. Itarudisha ulichoandika bila kufuta neno. Dawa ya kudumu ni kuingia kwenye sehemu ya «AutoCorrect», ambayo iko chini ya «Proofing» katika mipangilio ya programu, na kuondoa alama ya vema kwenye mstari unaohusu herufi kubwa mwanzoni mwa sentensi. Mashairi yetu yamebeba i, u na li za namna hiyo tangu enzi za tenzi za kale, na hakuna sababu ya kuyapunguza ili programu iridhike.

Suala la ng' linahitaji subira kidogo. Kuna alama iliyonyooka, kuna iliyopinda kama koma iliyopandishwa juu, na kuna ile inayopatikana pembeni mwa tarakimu 1 kwenye kibodi, ambayo watu huitumia kwa kukosea. Kwa macho zinafanana, lakini kwa kompyuta «ng'ombe» ya aina ya kwanza na «ng'ombe» ya aina ya tatu ni maneno mawili tofauti, na ukitafuta moja hutaipata nyingine. Bonyeza Ctrl na H. Kwenye nafasi ya juu weka ile alama isiyo sahihi, kwenye nafasi ya chini weka alama ya kawaida ya ng', kisha badilisha zote. Halafu rudia kwa kuweka alama ya kawaida katika nafasi zote mbili. Utaona ajabu kubadilisha kitu kwa kitu hichohicho, lakini Word itachukua nafasi hiyo kuzipindisha zote ziwe na sura moja.

Hapa kuna mtego unaowahusu watunzi peke yao. Unapokata silabi ya mwanzo ili kutimiza mizani, kwa mfano «'mefika» badala ya «amefika», Word hudhani unafungua nukuu, na huipindisha alama upande usio wake. Andika alama hiyo mara mbili mfululizo, kisha futa ya kwanza. Itakayobaki itakuwa imeelekea kunakostahili. Na kwa kuwa ule ubadilishaji wa jumla unaweza kuzivuruga, fanya ubadilishaji kwanza, kisha pitia mishororo ya namna hiyo mmoja mmoja.

Nimeona pia katika sampuli uliyotuma kuwa unatenganisha ukwapi na utao, yaani kipande cha kwanza na cha pili cha mshororo, kwa kubonyeza nafasi mara nyingi hadi vina vya kati vilingane. Kwenye skrini yako vinalingana, lakini mchapaji akibadilisha aina au ukubwa wa herufi, vyote vitatawanyika. Tumia kitufe cha Tab mara moja tu kila mshororo, na uweke kituo chake kwenye rula iliyo juu ya ukurasa. Ukikisogeza kituo hicho baada ya kuuchagua ubeti au diwani nzima, mistari yote itasogea pamoja. Mwisho wa mshororo bonyeza Shift na Enter, na Enter peke yake uiweke akiba kwa ajili ya mwisho wa ubeti. Kwa njia hiyo kompyuta itauona ubeti mzima kuwa aya moja, na ukichagua «Keep lines together» katika mipangilio ya aya, hautakatwa katikati baina ya kurasa mbili. Maandishi yaelekee kushoto tu. Ukiyanyoosha pande zote mbili, mishororo mifupi huweza kuvutwa hadi maneno yaachane.

UMEME UMEKATIKA KABLA SIJAHIFADHI

Swali: Shikamoo. Mimi ni kijana wa Songea, ninatumia kompyuta ya mezani. Umeme ulikatika nikiwa nimeandika tangu asubuhi bila kuhifadhi. Je, kuna matumaini?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Yapo, lakini fanya haraka. Word hujiwekea akiba ya siri kila baada ya dakika 10 ikiwa hujabadilisha mipangilio. Ifungue, na mara nyingi itakuonyesha yenyewe upande wa kushoto kile ilichookoa. Isipokuonyesha, nenda kwenye neno «File», kisha «Info», kisha «Manage Document», na hapo utaona njia ya kurejesha hati zisizohifadhiwa. Ukishaipata, ihifadhi papo hapo kwa jina jipya. Kisha ingia kwenye mipangilio ya kuhifadhi na upunguze zile dakika 10 ziwe 2, na uzoeze vidole vyako kubonyeza Ctrl na S kila unapomaliza aya.

Ukipata uwezo, nunua UPS, kifaa chenye betri kinachoipa kompyuta umeme unapokatika. Itakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kompyuta kwa utaratibu. Usiitegemee kuendelea kufanya kazi, na usichomeke humo printa ya leza, kwa sababu huvuta umeme mwingi kwa ghafla kuliko UPS ndogo inavyoweza kustahimili.

KITABU KIMETOKA TOFAUTI NA NILIVYOKIPANGA

Swali: Nimeandika kitabu cha hadithi za watoto chenye picha, ninaishi Dar es Salaam. Nilikipanga vizuri kwenye Word, kurasa 112. Mchapaji alipokifungua kwake kikawa kurasa 119, vichwa vya sura vikashuka chini ya kurasa, na picha ya jalada imetoka na ukungu. Yeye anasema kosa ni langu. Je, ni kweli?

Jibu: Dada yangu, ninakuelewa, kwa sababu jambo hilo limenipata mimi pia. Jalada la kitabu changu cha kwanza lilichapwa lote likiwa na ukungu kwa sababu picha niliituma kwa WhatsApp, na mchapaji hakuniuliza kitu. Ninaamini mchapaji mwenye kujali alipaswa kukuonya kabla ya kuwasha mashine. Hata hivyo, chanzo kiko kwenye namna faili lilivyotumwa, na hilo liko mikononi mwako.

Hati ya Word haibebi sura ya ukurasa; inabeba maagizo ya kuutengeneza ukurasa huo upya kila inapofunguliwa. Ikiwa kompyuta ya mchapaji haina fonti uliyoitumia, Word itachagua nyingine bila kukuuliza, herufi zitakuwa pana kidogo au nyembamba kidogo, mistari itahama, na kurasa 112 zitakuwa 119. PDF ni tofauti: hubeba ukurasa kama ulivyo, pamoja na fonti zake. Kwa hiyo mchapaji apewe PDF, uliyoifungua mwenyewe kwenye kompyuta nyingine au kwenye simu na kuipitia ukurasa kwa ukurasa.

Kabla ya hapo, hakikisha karatasi ya hati yako ni ile ya kitabu. Vitabu vingi vya kwetu huchapwa kwa A5, yaani milimita 148 kwa 210, na hati inapaswa kuwekwa hivyo tangu siku ya kwanza. Nimekutana na waandishi wengi ambao hati zao zimewekwa kwenye karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter, yenye milimita 216 kwa 279, bila wao kujua, kwa kuwa ndivyo programu ilivyokuja. Ukiibadilisha baada ya kumaliza kupanga, kazi yote huanza upya. Ukingo wa ndani, upande wa kubandikwa gundi, uwe mpana kuliko wa nje, la sivyo msomaji atalazimika kukivunja mgongo kitabu ili asome maneno ya mwisho ya mstari.

Vichwa vya sura vilishuka kwa sababu ulifika ukurasa mpya kwa kubonyeza Enter mara nyingi. Weka kishale mwanzoni mwa sura, futa mistari hiyo mitupu, na ubonyeze Ctrl na Enter mara moja. Kichwa chenyewe kipe mtindo wa kichwa cha kwanza kwa kubonyeza Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja, badala ya kukikuza na kukikoza kwa mkono. Ukifanya hivyo kwa sura zote, Word itaweza kukuandikia yaliyomo pamoja na namba za kurasa, na sura zikihama utaiambia isasishe tu. Mtindo huohuo ndio utakaokusaidia siku utakapotaka kukitoa kitabu kwa umbo la EPUB la kusomea kwenye simu, maana programu za kutengenezea EPUB hutambua sura kwa kufuata mitindo, hazitambui kwa ukubwa wa herufi.

Tukija kwenye picha, kipimo cha wachapaji ni nukta 300 kwa kila inchi. Jalada la mbele la A5 linahitaji picha yenye angalau pikseli 1748 kwa 2480. Ukiongeza milimita 3 kila upande, ambazo kisu cha kukatia huzihitaji ili pasibaki mstari mweupe ukingoni, picha inapaswa kufika pikseli 1819 kwa 2551. WhatsApp hupunguza picha inayotumwa kama picha, na kilichopunguzwa hakirudi. Ukilazimika kuitumia, tuma faili kama hati, au bora zaidi tumia baruapepe au flashi. Tazamia pia kuwa buluu na kijani zinazong'aa kwenye skrini zitafifia kwenye karatasi, kwa sababu skrini huchanganya mwanga na mashine huchanganya wino.

Mgongo wa kitabu usiukisie. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, hivyo kitabu cha kurasa 112, ambacho ni karatasi 56, kina mgongo wa karibu milimita 5.6. Muulize mchapaji unene wa karatasi yake hasa kabla ya kuchora jalada. Muulize pia kurasa zinapaswa kugawanyika kwa ngapi. Kitabu cha kushonwa kwa pini katikati ni lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4, na mashine nyingi kubwa hupendelea 8 au 16. Kurasa zako 112 zinagawanyika kwa zote tatu. Zile 119 hazigawanyiki hata kwa moja, na hilo peke yake lilitosha kumfanya mchapaji asimame na kukupigia simu.

Safari ijayo, hata akikuharakisha, lipia nakala moja ya majaribio. Ishike mkononi, ipitie yote, na utie sahihi nakala hiyo ndipo achape nyingine. Mkiwa na nakala iliyotiwa sahihi, hakuna haja ya kubishana kosa ni la nani.

ISBN NA KOMPYUTA YA ZAMANI

Swali: Mimi ni msomaji wa Bukoba na nina mambo mawili. Kwanza, kuna mtu mtandaoni anauza ISBN, ile namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, pamoja na msimbopau wake; ninunue? Pili, kompyuta yangu inatumia Windows 10 na nimeambiwa haifai tena.

Jibu: Usinunue. ISBN hutolewa na wakala aliyeidhinishwa wa kila nchi. Kwa Tanzania ni Bodi ya Huduma za Maktaba, na kwa Kenya ni Huduma ya Maktaba ya Taifa. Tangu Januari 2007 namba hiyo ina tarakimu 13. Inayoanza na 978-9976 au 978-9987 ni ya Tanzania, na 978-9966 ni ya Kenya. Aliyesajiliwa nayo ndiye anayetambuliwa kuwa mchapishaji, kwa hiyo ukinunua namba ya mtu mwingine, kitabu chako kitaonekana katika orodha za dunia kuwa ni cha kwake. Msimbopau ni namba hiyohiyo iliyochorwa kwa mistari. Programu ya Inkscape, isiyolipiwa, inakuchorea. Kitabu cha karatasi na cha EPUB kila kimoja kinahitaji namba yake, lakini kuchapa tena bila kubadilisha kitu hakuhitaji namba mpya.

Kuhusu kompyuta, ni kweli kuwa Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuzimika, na Word yako itaendelea kufunguka, ila mianya ya usalama inayogunduliwa baada ya tarehe hiyo haizibwi tena kwa asiyejiandikisha kwenye huduma ya nyongeza ya mwaka mmoja. Ikiwa kompyuta haina sifa za kupokea Windows 11, usiitupe. Badili diski yake ya kuzunguka kwa SSD, yaani diski isiyozunguka, na badala ya Windows uweke mfumo usiolipiwa wa Linux Mint au Ubuntu pamoja na LibreOffice; kwa mtu anayeandika na kutuma baruapepe, haitampungukia kitu cha msingi. Njia hii si ngeni kwetu: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, kutoka kwenye chimbuko lilelile lililoizaa LibreOffice.

Kabla fundi hajagusa diski, nakili mswada wako mahali pengine, uifungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, na usome kurasa mbili tatu za katikati ili ujiridhishe kuwa ni nzima.